Kifungu cha 15: mzaha wa wakubwa na kicheko cha raia

Leo tunaacha kidogo habari za barabara na bei ya mihogo. Tunaenda kwenye historia, kwa sababu kuna maneno tunayotumia kila siku bila kujua yalitoka wapi, na mengine yalitoka kinywani mwa watu waliokuwa na madaraka makubwa juu ya maisha yetu.

Muulize mwalimu ambaye hajaona mshahara kwa miezi mingi anaishije. Atakujibu kwa Kifaransa: article 15. Muulize kijana anayesukuma baisikeli yenye bidoni sita za mafuta ya mawese kwenye njia ya matope. Article 15. Muulize mama aliyekimbia usiku na watoto wanne na sufuria moja. Jibu ni lile lile, kifungu cha 15, maana yake jitafutie mwenyewe, hakuna atakayekuja. Wengi husema hivyo wakicheka. Mgeni akisikia, anafikiri ni sheria kweli. Sisi tunajua ni mzaha, ila ni mzaha ambao umelisha na kuua watu kwa zaidi ya miaka 60.

Neno hili lilitoka wapi? Masimulizi yanayojulikana zaidi yanatupeleka Kasai, mwaka 1960. Mwaka uliotangulia, vita kati ya Walulua na Waluba ilikuwa imewafukuza Waluba kutoka Luluabourg, mji ambao leo unaitwa Kananga. Mamia ya maelfu walitembea kwa miguu kuelekea Bakwanga, ambayo leo ni Mbuji-Mayi. Mwezi wa nane 1960, Albert Kalonji akatangaza kwamba Kasai ya Kusini inajitawala. Chini ya ardhi kulikuwa na almasi, lakini juu ya ardhi kulikuwa na watu wasio na nyumba, wasio na mbegu, wasio na dawa. Kabla mwaka haujaisha njaa ilianza kuua, na picha za watoto waliovimba miguu zikafika Ulaya. Watu hao walimwendea Kalonji kuomba chakula na mahali pa kulala. Inasimuliwa kwamba aliwajibu: mko kwenu, jitafutieni. Watu wakachukua jibu hilo wakalifanya kifungu cha katiba, kwamba vifungu vyote vingine ni maneno matupu, na kile cha 15 ndicho kinachofanya kazi.

Angalieni vizuri, wasikilizaji. Neno ambalo leo Mkongo yeyote wa Kinshasa, Lubumbashi au Kindu analitumia, lilianza na wahami waliokuwa mbele ya kiongozi na mikono mitupu. Na jina la kifungu cha 15 halikutoka kwa Kalonji. Raia ndio walioligeuza jibu lake kuwa sheria ya uongo, ili kumwonyesha kwamba hicho ndicho alichowapa: ulikuwa umewahi kuona serikali ambayo amri yake pekee ni kwamba hakuna serikali? Mwaka uliofuata, Kalonji alivikwa cheo cha Mulopwe, mfalme. Mwaka 1962 ufalme ule ulikwisha, kifungu cha 15 kikabaki. Miaka ya 1980 Pépé Kallé alikiimba na Empire Bakuba, na nchi nzima ikacheza.

Kwa hiyo katika historia yetu kuna vicheko viwili. Kuna mzaha unaoshuka kutoka juu, wa mtu mwenye jeshi, hazina na gereza. Na kuna kicheko kinachopanda kutoka chini, cha mtu ambaye hana kitu kingine cha kujibu. Tukivichanganya, tunapotea. Tuviangalie kimoja kimoja, tukianzia hapa hapa nyumbani.

Kasongo, mahali pa kejeli ya zamani

Hamed bin Muhammed el-Murjebi, tunayemjua kwa jina la Tippu Tip, aliifanya Kasongo kuwa makao yake katika miaka ya 1870. Kiswahili tunachosema, mchele tunaokula, miembe iliyosimama, misikiti yetu, vingi vya vitu hivi vilikuja na watu wake. Na pamoja navyo zilikuja bunduki, minyororo na misafara ya pembe za ndovu iliyobebwa na watu waliotekwa vijijini. Hatuwezi kusimulia upande mmoja na kuficha mwingine.

Mwaka 1885 mfalme Léopold wa Pili wa Ubelgiji alipata nchi hii mbele ya dunia kwa kusema kwamba anakuja kukomesha biashara ya watumwa. Miaka miwili baadaye, mwezi wa pili 1887, Stanley alitia sahihi mkataba kule Zanzibar kwa jina la mfalme huyo. Mkataba ulimfanya Tippu Tip kuwa gavana wa Stanley Falls, ambayo leo ni Kisangani, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Mkomesha utumwa alimwajiri mfanyabiashara mkubwa wa watumwa. Hakuna mchekeshaji aliyebuni kisa hiki. Kiliandikwa kwa wino na kuwekwa sahihi.

Tippu Tip mwenyewe aliiona kejeli hiyo. Alfred Swann, baharia wa wamisionari wa London katika Ziwa Tanganyika, aliandika mazungumzo yao. Tippu Tip alimuuliza Waingereza waliipataje India. Swann akajibu kwamba waliipigania. Basi, akasema Tippu Tip, kinachopatikana kwa vita ni halali ya mshindi? Ndiyo, ndiyo sheria ya Ulaya. Mimi nami nilikuja hapa kijana, nikapigana, nikapoteza rafiki na mali, kwa nini nchi hii si yangu? Swann akasema ni yako ikiwa utaitawala vizuri. Na nani atakuwa hakimu? Ulaya, akajibu Swann. Tippu Tip akacheka kwamba sasa umesema kweli, na kwamba tusizungumze haki, kwa maana watu hutenda haki pale inapowalipa tu.

Ni maneno makali, na kuhusu Ulaya yalikuwa kweli. Lakini simameni kidogo. Katika mazungumzo hayo watu wawili wanabishana nani mwenye nchi, mmoja wa pwani na mwingine wa ng'ambo. Wenyewe, Wazimba, Wakusu, Wabangubangu na wengine, hawako katika mazungumzo. Kejeli ya Tippu Tip inamchoma mzungu, lakini haimfungui hata mtumwa mmoja. Ndiyo alama ya kwanza ya mzaha wa wakubwa: wanaweza kuambiana ukweli juu yetu, na sisi tukabaki pale pale.

Mwezi wa nne 1893 askari wa Francis Dhanis waliingia Kasongo, na utawala wa watu wa pwani ukavunjika. Uliokuja nyuma yake ulikuwa ule wa mpira na viboko. Mwaka 1908, wakati Léopold alipolazimishwa kuiachia Ubelgiji nchi hii, makaratasi ya serikali yake yalichomwa moto Brussels kwa siku nane. Alimwambia msaidizi wake, Gustave Stinglhamber, kwamba atawapa Kongo yake, ila hawana haki ya kujua alifanya nini huko. Aliyasema hayo kama mtu anayetania juu ya mali yake ya nyumbani. Majivu yale ni sehemu ya historia ya babu zetu, na hayatarudi.

Lumumba alitaja kejeli kwa jina lake

Wengi wetu tumesikia hotuba ya Patrice Lumumba ya tarehe 30 mwezi wa sita 1960. Mtu huyu alipitia Kindu na Kalima, hapa kwetu Maniema, akifanya kazi katika kampuni ya madini akiwa bado kijana. Alijua maneno ya kambi za kazi. Siku ile ya uhuru, mfalme Baudouin alisimama kwanza, akamsifu Léopold wa Pili kama mtu mwenye akili ya ajabu ambaye kazi yake imezaa uhuru huu. Hebu fikirieni mzee ambaye baba yake alipigwa kiboko kwa ajili ya mpira, amekaa pale akisikiliza.

Lumumba alipojibu, alihesabu mateso ya wakoloni. Na katika orodha yake, kabla ya matusi na kabla ya mapigo, alitaja kejeli. Alisema tulizivumilia asubuhi, mchana na jioni kwa sababu tulikuwa weusi. Akakumbusha pia kwamba mweusi aliitwa "tu" kwa Kifaransa, si kwa urafiki, bali kwa sababu "vous" ya heshima iliwekwa kwa wazungu peke yao. Mtu mzima mwenye wajukuu aliitwa boyi, na aliyemwita hivyo alitabasamu.

Hili ni jambo kubwa. Wengi husema: maneno ni maneno tu, hayavunji mfupa. Lumumba aliyaweka kejeli, matusi na mapigo katika mstari mmoja, kwa sababu alijua yanavyofuatana. Ukishamzoea mtu kama kichekesho, kumpiga kunakuwa rahisi.

Siku tano baadaye, tarehe 5 mwezi wa saba, jenerali Émile Janssens, mkuu wa Force Publique, aliwakusanya askari wake kule Léopoldville. Jeshi lile halikuwa na ofisa mweusi hata mmoja. Askari walitarajia kwamba uhuru utawaletea vyeo. Janssens akachukua chaki, akaandika ubaoni: kabla ya uhuru ni sawa na baada ya uhuru. Bila shaka aliona ni neno fupi la mtu mwenye akili, la kuwarudisha vijana kwenye nidhamu. Jioni ile ile askari wa kambi ya Thysville waliasi. Katika siku chache wazungu walikimbia, wanajeshi wa Ubelgiji wakarudi, na tarehe 11 Katanga ikajitenga. Siwezi kusema ubao mmoja ulileta yote hayo. Hasira ilikuwepo tayari. Lakini mtu mwenye jeshi alipoamua kuwatania watu wenye bunduki juu ya tumaini lao, alilipia, na nchi nzima ikalipa pamoja naye.

Iba kidogo, kwa akili

Sasa tufike kwa Mobutu, ambaye wazee wetu wengi waliimba na kucheza kwa ajili yake katika viwanja vya mpira. Mobutu alijua kuchekesha. Alikuwa mwandishi wa habari kabla ya kuwa rais, na alijua namna ya kushika umati. Tarehe 20 mwezi wa tano 1976, kule Kinshasa, aliwaambia watu jambo ambalo bado linatajwa: mkitaka kuiba, ibeni kidogo, kwa akili, kwa njia nzuri, mkiiba sana hadi kutajirika usiku mmoja, mtakamatwa. Kwa Lingala watu walifupisha: yiba na mayele.

Wako wanaosema kwamba alikuwa anakemea. Huenda. Ukiyasoma maneno yote, kuna onyo ndani yake. Lakini uwanjani watu hawakusikia onyo. Walisikia ruhusa, na walikuwa na sababu ya kuisikia hivyo, kwa sababu msemaji mwenyewe alikuwa na majumba ya kifahari Ulaya. Mwaka uliofuata, tarehe 25 mwezi wa 11, alitoa hotuba nyingine, ile ya ugonjwa wa Zaire. Alisema kila kitu nchini kinauzwa na kila kitu kinanunuliwa, na kwamba mwenye kipande kidogo cha madaraka anakigeuza bidhaa. Alisema hata haki ya mtoto kusoma na ya mgonjwa kutibiwa inalipiwa kodi isiyoonekana. Maneno ya kweli kabisa. Tatizo lilikuwa moja tu: daktari aliyeeleza ugonjwa ndiye aliyeuleta, na baada ya hotuba alirudi nyumbani kwake bila kubadilisha dawa.

Hapo tunaona alama ya pili. Mkubwa anapofanya kejeli juu ya uovu ambao yeye mwenyewe ana uwezo wa kuuzuia, mzaha wake unageuka kibali. Mwalimu akisema "tunaibiwa" ni malalamiko. Rais akisema hivyo na kucheka, ni taarifa kwamba mchezo utaendelea.

Na kambini maneno yalishuka zaidi. Askari waliokosa mshahara walizoea kusema kwa Lingala kwamba raia ni shamba la askari. Ni mzaha, ndiyo. Lakini ninyi mliowahi kupita kizuizi cha barabarani mkiwa na kuku, kilo mbili za mpunga na kitambulisho kilichochakaa, mnajua shamba hilo linavunwaje. Mwezi wa tisa 1991, na tena mwezi wa kwanza 1993, askari waliwapora watu Kinshasa na miji mingine. Mara ya pili ilianza baada ya kulipwa kwa noti mpya za zaire milioni tano ambazo wafanyabiashara walizikataa. Noti hizo raia walizibatiza Dona Beija, jina la mwanamke wa mchezo wa televisheni wa Brazil.

Hapa tusikie kicheko cha upande wa pili. Chama kimoja tu kiliruhusiwa, MPR, na mtoto alihesabiwa kuwa mwanachama tangu tumboni mwa mama. Raia walichukua herufi hizo tatu wakazisoma upya kwa Kifaransa: Mourir Pour Rien, kufa bure. Huwezi kumfunga mtu kwa kutamka jina la chama. Mwaka 1996 Mobutu alipasuliwa saratani ya tezi kule Lausanne. Noti mpya zilizotoka mwisho wa mwaka ule, zisizo na thamani, watu waliziita prostate. Kicheko hicho hakikumwondoa Mobutu. Kilifanya kazi nyingine: kiliwajulisha majirani wawili, bila kusema wazi, kwamba wote wawili hawadanganyiki.

Tarehe 24 mwezi wa nne 1990, Mobutu alipotangaza kule N'Sele kwamba vyama vingi vinaruhusiwa, sauti ilikatika, akatoa miwani, akasema kwa Kifaransa: muelewe uchungu wangu. Nchi ilinyamaza kidogo. Halafu ikacheka. Mpaka leo mtu akiachwa na mke au timu yake ikifungwa, anasema maneno yale yale. Kwa miaka 25 yeye ndiye aliyekuwa akitania. Siku alipotaka asikilizwe kwa uzito, hakuna aliyebaki wa kumwamini.

Aliyemfuata, Mzee Laurent-Désiré Kabila, naye alikuwa na ulimi. Alipolaumiwa kwamba amewajaza wafuasi wa Mobutu serikalini, alijibu kwa kuuliza ni nani katika nchi hii hakuwa mfuasi wa Mobutu, maana wote tuliwaona wakicheza kwa sifa zake. Watu walicheka kwa aibu, kwa sababu ilikuwa kweli. Lakini neno lile pia lilifunga mlango. Ikiwa sote tuna hatia, basi hakuna atakayeulizwa.

Dunia ilipocheka, Uganda ililia

Jirani yetu Idi Amin alikuwa bingwa wa aina hii. Mwaka 1973 alianzisha mfuko wa kuisaidia Uingereza maskini, akamtumia Nixon salamu za kumtakia apone haraka ugonjwa wa Watergate. Mwalimu Nyerere alimwandikia kwamba anampenda sana, na kwamba angekuwa mwanamke angemuoa, japokuwa kichwa chake kimejaa mvi. Magazeti ya Ulaya yalichapa telegramu hizi kwa furaha. Mobutu na Amin waligawana hata maziwa: moja likaitwa Mobutu Sese Seko, lingine Idi Amin.

Wakati huo huo, tangu mwezi wa nane 1972, Waasia wa Uganda walikuwa wamepewa siku 90 kuondoka nchini. Waganda walichukuliwa ndani ya magari na hawakuonekana tena. Makadirio ya waliouawa chini ya Amin yanaanzia 100,000 na kufika 300,000 na zaidi. Mzaha wa Amin ulikuwa pazia. Ng'ambo walimwona mcheshi, na mtu anayechekesha ni vigumu kumwogopa ukiwa mbali. Vita na Tanzania vilipoanza mwaka 1978, mvi za Nyerere hazikuwa tena kichekesho. Tarehe 11 mwezi wa nne 1979 Kampala ilianguka.

Mzaha unapopewa jina la mdudu

Kuna hatua moja zaidi, na hapa naomba tusome taratibu. Mwezi wa nane 1998, vita vya pili vilipoanza, Abdoulaye Yerodia Ndombasi, mtu mwenye elimu na maneno mengi, aliyekuwa karibu na Mzee Kabila, alisema hadharani kuhusu adui maneno ya wadudu wanaopaswa kufutwa kwa utaratibu. Kinshasa Watutsi na waliofanana nao walisakwa na kuuawa. Yeye alijitetea kwamba alikuwa akisema juu ya wavamizi. Hakimu wa Ubelgiji alitoa hati ya kumkamata tarehe 11 mwezi wa nne 2000. Tarehe 14 mwezi wa pili 2002 Mahakama ya Kimataifa ya The Hague iliamua hati hiyo ifutwe, kwa sababu wakati ilipotolewa alikuwa waziri wa mambo ya nje mwenye kinga. Mahakama haikusema kwamba maneno yale yalikuwa mazuri. Ilisema tu kwamba waziri aliye kazini hakamatwi namna hiyo na nchi nyingine.

Sisi wa redio tuna mfano ulio karibu zaidi na kazi yetu. RTLM ya Kigali ilianza kutangaza mwaka 1993. Haikuanza na amri za kuua. Ilianza na muziki mzuri, watangazaji wachangamfu, utani juu ya jirani, na jina la mende lililorudiwa mpaka likazoeleka. Mwaka 1994 utani ulikuwa umekwisha kufanya kazi yake. Mtangazaji wake Mbelgiji, Georges Ruggiu, alikiri makosa mwaka 2000 akahukumiwa miaka 12. Tarehe 3 mwezi wa 12 mwaka 2003 mahakama ya Arusha iliwahukumu waanzilishi wawili wa redio hiyo. Na mawimbi ya vita ile yalifika hadi Maniema: wazee wa Lubutu wanaikumbuka Tingi-Tingi ya mwaka 1997, watu wakifa kwenye lami.

Kwa hiyo mipaka iko wapi? Kumtania mkubwa kwa noti yake ni jambo moja. Kumwita jirani mdudu ni jambo jingine, hata kama watu wote wanacheka. Mzaha wa kwanza unamshusha mtu kutoka kitini akawa mtu kama sisi. Wa pili unamwondoa mtu katika hesabu ya watu.

Wakati huu wetu

Kwa nini nayaandika haya sasa? Kwa sababu kila wiki tunaletewa redioni sauti ndogo za simu. Kiongozi fulani amesema hivi, mkubwa wa kundi fulani amesema vile, na umati unasikika ukicheka nyuma. Mara nyingi hakuna tarehe, hakuna mahali, mwanzo umekatwa. Familia iliyokimbia kutoka upande wa Salamabila ikisikia kwamba mkubwa amesema "warudi tu, porini hakuna simba", haiwezi kujua kama ni kejeli, ni ahadi au ni tishio. Na ikikosea, inaweza kupoteza mtoto njiani. Anayetania amelala kitandani kwake. Anayetafsiri analala chini ya turubai.

Ndiyo maana sisi tunajiuliza mambo matatu kabla ya kurusha neno la namna hiyo, na ninyi mnaweza kujiuliza kabla ya kulituma kwa wengine. Anayesema ana uwezo wa kutenda anachokitania? Anayetaniwa anaweza kujibu bila kuadhibiwa? Na mtu akilichukua neno hilo kama amri, nani atalipa? Kama jibu la mwisho ni jirani yako, liache lifie kwenye simu yako.

Haya yote hayana maana kwamba tunyamaze au tusicheke. Babu zetu walicheka chini ya Bula Matari, wazazi wetu walicheka chini ya Mobutu, na sisi tutacheka. Lakini turudi kidogo kwenye kifungu cha 15, kwa sababu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Katiba tunayoitumia leo, ile iliyotangazwa tarehe 18 mwezi wa pili 2006, ina kifungu cha 15 cha kweli. Hakisemi jitafutieni. Kinasema kwamba viongozi wa serikali wana kazi ya kuhakikisha unakomeshwa ubakaji na kila udhalimu wa kingono unaotumiwa kama silaha ya kuvunja familia. Kinasema pia kwamba udhalimu huo ukifanywa kwa nia ya kuvunja familia na kufuta watu wa kabila zima, ni uhalifu dhidi ya binadamu.

Wanawake wa Kabambare na Kasongo waliopitia njia za porini wanajua uzito wa maneno hayo kuliko mwanasheria yeyote. Kwa miaka yote tumekuwa tukikitaja kifungu hiki kwa kicheko, kumbe kimeandikwa kwa ajili yao, na ni deni la serikali kwao. Basi siku kiongozi atakapowatembelea na kuwaambia kwa tabasamu kwamba Mkongo anajua article 15, mwambieni kwa heshima: ndiyo, mkubwa, tunaijua, je, tukusomee?

Wazee wa Kasongo, Kipaka, Kabambare na kwingineko, kama mnakumbuka majina mengine ambayo raia walizipa noti, barabara, vyama au wakubwa wa zamani, tuleteeni pamoja na mwaka na mahali mlipoyasikia. Tutayasoma redioni, na vijana watajua kwamba kabla yao kuna watu waliolia na kucheka katika njia hizi hizi.